Ndugu Wawili Kwenye Karatasi Yangu

Pale Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali nilikofanya kazi katika miaka ya themanini, kulikuwa na sheria moja iliyonitia hofu kuliko barua za ofisi ya wahamiaji. Timu ikishika mkia misimu miwili mfululizo, mwenye timu alisimama mbele ya wenzake siku ya kahawa ya mwisho wa msimu, akawasomea taarifa: msimu ulikwendaje, na kesho ya timu iko wapi. Wakimwamini, aliendelea. Wasipomwamini, wachezaji wake waligawanywa kwa timu nyingine saba na jina lake likafutwa daftarini.

Timu zenyewe hazikuwa na uwanja wala jezi. Zilikuwa timu za karatasi. Kila mmoja wetu alikuwa na wachezaji kumi wa hoki ya barafuni, watu halisi wa ligi kuu ya Sweden, ambao hawakujua kwamba sisi tupo duniani. Mchezaji akifunga goli popote nchini, mwenye karatasi alipata alama mbili. Akitoa pasi ya goli, alama moja. Kipa akimaliza mechi bila kufungwa, tano. Matokeo tuliyasoma kwenye gazeti la asubuhi, na mchezaji mmoja hakuweza kuwa kwenye karatasi mbili. Huo ndio mchezo wote: watu wanane, daftari moja la jalada jeusi, na meza ndefu ya chumba cha kahawa iliyotandikwa plastiki ya maua.

Daftari lilikuwa la Mswidi mmoja mtu mzima aliyesimamia mashine kubwa za kufulia, ambaye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Waswidi huitana kwa jina la kwanza, hata bosi, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa rika la baba yangu kwa jina tupu. Nikamwita Mzee. Baada ya mwezi mmoja kiwanda kizima kilimwita Mzee, naye akalipenda akidhani ni cheo. Ndiye aliyeitunga sheria ya taarifa. Kwao watu watatu wakikutana mara mbili tayari ni chama, na chama lazima kiwe na mwenyekiti na mkutano wa mwaka. Mikutano yetu aliifungua kwa kugonga meza na mwiko wa mbao.

Mwaka wangu wa kwanza sikuketi kwenye meza ile. Nilikula chakula changu ghalani, juu ya magunia ya taulo, kwa sababu Kiswidi changu kilitosha salamu na kuomba radhi tu, na mtu hawezi kukaa mezani akiomba radhi nusu saa nzima. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama mmoja Mfini, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Siku nzima tulishika ncha za mashuka, yeye mbili na mimi mbili, tukakutana katikati na kuachana tena. Siku moja alinifuata ghalani na gazeti mkononi.

"Tuko saba," akasema. "Saba ni mbaya. Chagua watu kumi."

"Watu gani?"

"Wowote. Wa hoki."

Sikuwa nimeona hoki hata mara moja. Gazeti lilikuwa limepanga majina ya wachezaji timu kwa timu, nikayapitia kwa kidole kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye ubao wa matokeo. Ndipo nikaona jambo lililonifurahisha. Jina moja la ukoo lilikuwa likijirudia. Lilikuwa kwenye timu ya kusini, kwenye timu mbili za katikati, na mara mbili kwenye timu moja ya kaskazini. Nikasema, hawa ni watu wa nyumba moja waliotawanywa na kazi. Kwetu wanaume watano wenye jina moja ni watoto wa baba mmoja, au wa baba mkubwa na baba mdogo, na watu wa nyumba moja hawaangushani. Nikawachukua wote watano. Wengine watano nilichagua walio wazee zaidi, kwa kuwa mtu mzima anajua kazi yake.

Nilipoisoma orodha yangu mezani, dereva wa gari la mashuka akacheka hadi akaweka kikombe chini. Huyu alikuwa Mkenya. Alikuja Sweden kusoma, akaoa, akabaki. Tuliitana jirani, kwa sababu ya mpaka ulio kati ya nchi yake na yangu, Uganda.

"Jirani," akaniambia kwa Kiswahili, "hilo jina huku ni kama nyasi. Rusha jiwe pale madukani Farsta, utampiga mmoja wao."

"Kwa hiyo si ndugu?"

"Wawili tu. Hao wa kaskazini. Wengine hata hawajuani, wee."

Niliona haya, na mtu mwenye haya husema neno kubwa. "Basi hao wawili ndio moyo wa timu yangu," nikasema. "Hawaondoki."

Dereva akalitafsiri. Mama Mfini akasogeza begi lake kutoka kwenye kiti kilichokuwa kando yake, nami nikakaa. Tangu siku hiyo nilikuwa na mahali pa kukaa saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Kiswidi changu nilikipata hapo, katika kubishana kama pasi ilikuwa pasi kweli au bahati. Timu yangu waliipa jina, Familia. Ilishika mkia.

Inanibidi nieleze kwa nini neno kugawanywa lilinikaa vibaya. Baba alikuwa Mganda mfanyakazi wa reli, na sisi tulizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani na ya mezani. Reli ya Afrika Mashariki ilipovunjwa, kila nchi ikachukua yake, tukarudi Uganda. Kabla ya hapo, mama alipougua, nilikuwa nimeacha shule nikiwa darasa la saba, nikashika nyumba. Halafu vikaja vita, na katika mwaka mmoja tukawazika wote wawili. Siku ya tatu baada ya maziko ya baba, wakubwa wa ukoo walikaa uani kutugawa. Mdogo wangu wa kiume aende kwa baba mdogo. Kitinda mimba, msichana aliyekuwa bado anaogopa giza, aende kwa shangazi. Mimi nilikuwa wa kuozwa. Hawakuwa watu wabaya. Kila nyumba ilikuwa na vinywa vyake. Lakini mimi ndiye kifungua mimba, na nilisimama nikasema hatugawanywi. Tulikaa Nairobi miaka mitatu, nikifua nguo za watu, kisha watu wa kanisa wakatusaidia tukafika Stockholm, watatu kama tulivyoondoka. Tulipewa fleti Hagsätra, mwisho kabisa wa njia ya treni ya chini ya ardhi. Sikuwa nimesahau kwamba nilisimama na nikasikilizwa. Ila nilisimama kwa lugha yangu.

Msimu wa pili Mzee aliniita pembeni kabla ya mechi za kwanza. "Timu ya mkiani ina njia mbili," akasema. "Kuomba Mungu, au kujenga."

"Kujenga ndio nini?"

"Unatoa watu wazima wanaofunga leo. Unachukua vijana watakaofunga kesho. Utapata tabu. Lakini usitoe nusu nusu."

Kujenga nilikuelewa. Niliwatoa wazee wangu mmoja mmoja. Dereva alichukua mshambuliaji wangu wa miaka thelathini na mbili, akanipa vijana wawili wa miaka kumi na tisa ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukalia benchi. Wale watatu wa jina la bure niliwaachia pia, nikachukua kipa chipukizi ambaye timu yake ilimweka mlangoni mara moja kwa mwezi. Mezani walinionea huruma, isipokuwa jirani yangu.

"Jirani, hii si timu," alisema. "Hii ni shule ya chekechea. Unawapa uji?"

"Nawapa. Wewe wako unawapa dawa ya mgongo."

Watu niliokataa kuwatoa ni wale ndugu wawili. Mkubwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mdogo ishirini na mmoja. Niliwaona kwenye televisheni Jumamosi moja, nikakaa karibu na kioo kama mtu anayetazama harusi ya kwao. Mkubwa hakuwa na mbio. Alisimama nyuma ya goli, akakilinda kile kidude cheusi cha mpira kwa mwili wake, wakamgonga huku na huku, naye akangoja. Mdogo akitokea tu mbele ya goli, kidude kilikuwa tayari kiko kwenye ncha ya gongo lake. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha kwanza cha sekondari ya juu, alinitazama mimi badala ya kutazama mechi. "Dada analia kwa sababu ya hoki," akamwambia kaka yake kwa Kiswidi. Siku hizo alinijibu kwa Kiswidi karibu kila jambo. Sikuwa nalia.

Katikati ya baridi mama Mfini alinipa pendekezo. Timu yake ilikuwa ya pili, na alitaka sana kuongoza kabla ya Mzee kustaafu.

"Nipe yule ndugu mkubwa," akasema tulipokutana katikati ya shuka.

Tukaachana, tukashika ncha nyingine. "Hapana."

"Nitakupa beki wangu kijana. Na zamu yangu ya kwanza ya kuchagua mwakani."

Nilijua maana yake. Beki yule, mwenye miaka ishirini, alikuwa akitoa pasi kutoka nyuma kama mtu mzima. Na anayechagua kwanza mwanzoni mwa msimu, zamu iliyozunguka mezani na mwakani ilikuwa yake, humpata chipukizi bora anayeingia ligi. Katika kujenga, hilo ndilo tofali la pembeni.

"Mchukue mwingine yeyote," nikasema.

"Simtaki mwingine yeyote."

"Yule ni kifungua mimba. Kifungua mimba hatolewi."

Alinitazama kama mtu anayetazama shuka lenye doa lisilotoka, halafu tukaendelea kukunja. Alirudia pendekezo lake mwezi wa kwanza, akarudia mwezi wa pili. Nikakataa mara zote mbili.

Msimu ukaisha. Familia ilishika mkia tena. Nitasema kweli: haikuwa mbaya kama ya kwanza. Mpaka wiki mbili za mwisho nilikuwa nyuma ya timu ya saba kwa alama ambazo magoli machache yangefuta. Kijana wangu mmoja wa benchi alianza kuchezeshwa mwezi wa pili, akafunga kila wiki, kisha akavunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Kipa chipukizi alimaliza mechi mbili bila kufungwa, na siku hizo niliingia kiwandani nimevaa kitambaa changu kizuri cha kichwa. Lakini mkia ni mkia. Mzee alibandika karatasi kwenye mlango wa friji: Ijumaa, taarifa ya Familia, kisha kura.

"Nitakupigia ya hapana," dereva akaniambia. "Si ubaya, jirani. Beki wako mmoja namtaka."

Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa jikoni na daftari la shule la mdogo wangu wa kike. Yeye alikaa mbele yangu na kalamu nyekundu. Niliandika ukurasa mmoja wa Kiswidi kwa saa mbili. Alipousoma, ukawa mwekundu kama nyanya.

"Sehemu ya nyuma ni nzuri," akasema. "Umeeleza vizuri kwa nini mlishindwa. Lakini hii ya kesho ni fupi. Umeandika, 'Tutakaa pamoja na mambo yatakuwa mema.' Huo si mpango, Dada."

"Ni mpango. Umetufikisha hapa."

Alimtazama kaka yake, aliyekuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai kilichokwisha poa. Nikajua kuna jambo. Mtu aliyelea watoto anajua ukimya wao mmoja mmoja.

"Mwambie," kitinda mimba akasema kwa Kiswidi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa amemaliza kozi ya umeme. Alitoa barua mfukoni mwa koti. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Kampuni moja ya umeme ilikuwa imempa nafasi ya kujifunza kazi kwa miaka miwili, na kazi baada ya hapo. Kuanzia mwezi wa nane. Huko kaskazini, safari ya usiku mzima kwa treni.

"Barua hii imekaa kwako siku ngapi?"

"Wiki tatu, Dada."

"Na hapa Stockholm hakuna umeme?"

"Upo. Lakini nafasi hakuna." Akajaribu kutabasamu. "Ni mji ule wa ndugu zako wa hoki. Nitawasalimia."

Sikucheka. Nilimwuliza nani atampikia, naye akasema anajua kupika, jambo ambalo lilikuwa kweli, nilimfundisha mwenyewe. Nilimwuliza kama ana koti la baridi ya huko. Niliuliza maswali mengi ya namna hiyo, na lile nililotaka kuuliza sikuliuliza. Kisha nikafunga daftari, nikasema nitafikiri. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza mtoto wangu mmoja alikuwa akiniomba ruhusa ambayo kwa sheria ya nchi hakuihitaji.

Kesho yake, kwenye mashuka, mama Mfini aliona kwamba ncha zangu hazikutani na zake.

"Unaumwa?"

Nikamweleza, kwa Kiswidi changu cha mkutano wa kahawa, habari ya barua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamweleza pia habari ya wazee uani siku ya tatu. Hakuwa na desturi ya kusema pole. Alikunja mashuka manne.

"Mimi nilikuja huku na meli nikiwa na miaka kumi na tisa," akasema hatimaye. "Kaka yangu alibaki Finland. Miaka thelathini. Bado ni kaka yangu. Kila Krismasi ananiandikia kwamba nimenenepa, na hata picha sijamtumia."

Nikacheka kidogo.

"Na hao wako wa karatasi," akaendelea, "unajua leo wako wapi? Wako kwao. Wanavaa viatu vyao vya barafu kwenye chumba kimoja. Nikimchukua mkubwa, hatahama hata benchi. Nani amewatenga? Daftari la Mzee?"

Tulikuwa katikati ya shuka, mikono yetu imegusana. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kazi inavyoruhusu. Msimu mzima nilikuwa nimelinda ndugu wawili wasitenganishwe na mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuwatenganisha. Na nyumbani kijana alikuwa amebeba barua wiki tatu kwa kuogopa uso wangu.

"Beki na zamu ya kwanza," nikasema. "Na kijana mmoja zaidi."

"Kijana hapana."

"Basi mashuka ya leo yakunje peke yako."

Akanipa kijana.

Jioni ile nilimwambia mdogo wangu wa kiume aende. Nilisema tu, "Nenda. Lakini kila Jumapili upige simu, na usiniongopee habari ya koti." Alinishika mkono kwa mikono miwili kama wanavyofanya kwetu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tufike Sweden. Kisha mimi na kitinda mimba tukakaa chini tukaandika upya sehemu ya kesho.

Ijumaa Mzee aligonga meza na mwiko. Nilisimama. Karatasi niliiweka mezani, nikaisoma nikiwa nimeinamia plastiki ya maua. Nilisema hivi, na naukumbuka mpangilio wake kwa sababu niliusoma jikoni mara ishirini.

Nilisema kwamba msimu wa kwanza nilichagua jina badala ya watu, na kosa hilo ni langu. Kwamba msimu wa pili nilitoa wazee watano na nilijua nitaumia, nikaumia. Kwamba kijana wa mtulinga daktari amemruhusu kuteleza tena, na kabla ya kuvunjika alifunga wiki tano mfululizo. Kwamba kipa wangu mwakani atakuwa wa kwanza, kwa sababu yule aliye mbele yake anastaafu. Hilo lilikuwa kwenye gazeti la Jumatano na kila mtu mezani alikuwa amelisoma, ila hakuna aliyelikumbuka mpaka niliposema. Nilisema kwamba nusu ya timu yangu haijafikisha miaka ishirini na mbili. Kwamba mwakani hatutaongoza, na anayetaka kusikia kwamba tutaongoza akasikilize timu nyingine. Tutatoka mkiani. Mwaka unaofuata tutamsumbua mtu.

"Na ndugu mkubwa?" Mzee akauliza. Alijua kila karatasi ilivyo.

"Nimemtoa," nikasema. "Kwa beki, kijana mmoja na zamu ya kwanza. Mdogo anabaki kwangu. Wao wenyewe wako salama, wanaishi mji mmoja. Mimi nilikuwa nawalinda dhidi ya karatasi."

Dereva, aliyekuwa tayari kunitafsiria nikikwama, aliisahau kazi hiyo, na wala haikuhitajika. Nilikuwa nimesema kwa Kiswidi, bila kusoma.

Kura zilikuwa saba, za mikono. Mama Mfini aliinua wake kabla swali halijaisha. "Huyu anapiga kura na mnofu mdomoni," dereva akasema, watu wakacheka, naye mama akaendelea kuinua mkono. Mzee aliinua. Wakainua wengine watatu. Dereva na msimamizi wa zamu hawakuinua. Tano kwa mbili. Mzee aliandika jina langu kwenye ukurasa mpya wa daftari, kwa herufi zake za taratibu, na akagonga mwiko.

"Jirani, nilikuahidi hapana," dereva alisema akinimiminia kahawa, "na mimi ni mtu wa ahadi. Lakini hotuba yako ilikuwa nzito. Kwetu ungepewa ubunge."

"Kwenu ningepewa ubunge na kura zingeibwa."

"Hilo nalo," akasema.

Mdogo wangu wa kiume aliondoka mwezi wa nane. Tulimsindikiza stesheni kuu, mimi na kitinda mimba, na koti la baridi alilibeba mkononi katika jua, kwa kuwa nilitaka kuliona. Fleti ilikuwa kubwa kwa wiki kadhaa. Kitinda mimba alianza kunijibu kwa Kiswahili mezani, labda kwa sababu tulikuwa wawili na mmoja alipaswa kuziba pengo la kelele. Kwa zamu ya kwanza nilimchagua kijana wa miaka kumi na minane mwenye masikio makubwa, na niliuliza kwanza jina la ukoo wake linapatikana wapi, ili nicheke mwenyewe kabla jirani hajanicheka.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi simu ililia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwenda uwanjani na wenzake wa kazi, mara yake ya kwanza. Alisimama nyuma ya goli kabisa, alisema, barafu ilimrukia usoni.

"Koti ulivaa?"

"Nilivaa, Dada. Sikiliza. Mkubwa alikuwa pale pale mbele yangu, nyuma ya goli. Wakamgonga mara mbili, hakuanguka. Akangoja. Mdogo akaja."

"Akafunga?"

"Akafunga. Wakakumbatiana hapo hapo, mbele yangu."

Asubuhi yake nilifika Jordbro mapema. Mama Mfini alikuwa tayari mezani na gazeti limefunguliwa, miwani kwenye ncha ya pua. Alinisogezea daftari la Mzee na kalamu, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mechi ya kaskazini. Alikuwa ameshaandika moja kwenye ukurasa wake, kwa ajili ya pasi. Nami nikaandika mbili kwenye ukurasa wangu, kwa ajili ya goli. Kisha tukaenda kukunja mashuka.